Ahadi kwa Kireno cha Wiki Sita

Katika mji wa Provo, jimbo la Utah, jirani kabisa na Chuo Kikuu cha Brigham Young, kuna kituo ambako vijana wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambao wengi tumezoea kuwaita Wamormoni, hufundwa kazi ya umisionari. Wanaopangiwa Brazili, Ureno, Msumbiji, Angola au Cape Verde hujifunza Kireno kwa takribani wiki sita. Siku chache tu baada ya kuingia, kabla kijana hajaweza kuuliza bei ya mkate, huwa ameshafundishwa kusali kwa Kireno na kumtazama mtu usoni akimwambia kwamba anajua Mungu yupo.

Mpangilio huo una ajabu yake. Binadamu huanza kusema na vitu vidogo: maji, mama, ugali. Makubwa huja baadaye, na wapo wanaokufa bila kuyatamka. Mmisionari huyu anaanzia kileleni. Anazungumzia uzima wa milele kwa msamiati wa mtoto wa miaka miwili. Sasa anaposema "najua", amesema nini hasa?

Tumtazame kwanza yeye mwenyewe. Mvulana huruhusiwa kwenda akiwa na miaka 18, na utumishi wake ni wa miezi 24. Wa msichana ni miezi 18. Kifuani ana kibao cheusi chenye jina la ukoo, na kijana ambaye ndevu bado zinasitasita kuota huitwa Mzee. Huamka saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kulala saa nne na nusu usiku, na muda wote wa katikati umepangwa. Ana mwenza ambaye hakumchagua, na hawaachani ila bafuni. Mpaka Februari 2019, wakati Kanisa liliporuhusu simu za kila wiki, wamisionari walipiga simu nyumbani mara mbili tu kwa mwaka. Maisha kama hayo humwondolea mtu maswali mengi: ale nini, aende wapi, akae na nani. Lakini swali moja hubaki peke yake uwanjani, tena likiwa limekua: haya ninayoyasema, ni yangu?

Kanisa lenyewe limelihangaikia swali hilo. Mwaka 1961 lilitoa masomo sita ya namna moja kwa dunia nzima, na wamisionari waliyakariri neno kwa neno. Mwaka 2004 kilipotoka kitabu cha mwongozo kiitwacho Hubiri Injili Yangu, utaratibu uligeuka: mmisionari ayaelewe mafundisho, kisha aseme kwa maneno yake mwenyewe. Lakini kwa anayeanza Kireno, uhuru huo ni wa jina. Maneno yake mwenyewe hayapo. Anayo yale aliyopewa asubuhi.

Mtu mwepesi wa kuhukumu atasema huo ni ukasuku. Mwanafalsafa Ludwig Wittgenstein angemwambia apunguze haraka. Kitabu chake Uchunguzi wa Kifalsafa, kilichochapishwa mwaka 1953, kinaanza na Mtakatifu Augustino akisimulia alivyojifunza kusema utotoni: wakubwa walitaja vitu, naye akayashika majina yake. Wittgenstein aliona kwamba maelezo hayo hayatoshi. Mtoto hafafanuliwi lugha, huzoezwa. Hutenda na kusema pamoja na wenzake, na maana hukua katika matumizi. Kama ni hivyo, kila mmoja wetu alitamka "nakupenda" na "samahani" muda mrefu kabla ya kuelewa yanatudai nini. Kijana wa Provo hafanyi jambo geni. Tofauti ni kwamba yeye analifanya ukubwani, tunamwona.

Hata hivyo kuna jambo ambalo utetezi huo haulifikii. Kireno kina maumbo ya vitenzi kwa ajili ya yale yasiyo na hakika: yanayotumainiwa, yanayoogopwa, yanayotamaniwa tu. Wanafunzi huyakuta baadaye, na huwatoa jasho. "Najua" ni rahisi. "Ningependa iwe kweli, ingawa usiku nilipoomba sikusikia chochote" ni sentensi ya mtu aliyekwisha kubobea. Shaka inahitaji sarufi. Kwa hiyo katika wiki hizo sita kijana ana hakika kwa Kireno kwa sababu, miongoni mwa nyingine, hana zana za kusema vinginevyo. Mashaka yake yamebaki kwenye Kiingereza, kitandani, taa zikiwa zimezimwa.

Boyd K. Packer, mmoja wa mitume wa Kanisa hilo, aliwafundisha viongozi wapya wa misheni mwaka 1982 kwamba ushuhuda hupatikana katika kuutoa: mtu huthubutu kusema, na katika kusema huko anapata uhakika. Blaise Pascal, karne tatu kabla yake, alimshauri asiyeamini afuate matendo ya waumini mpaka moyo umfuate. Ushauri huu una ukweli wake, na una hatari yake. Sauti ya mtu ni shahidi anayempendelea. Ukijisikia ukisema jambo kila siku, mbele ya wenzako wanaotikisa kichwa kukubali, utaliamini, liwe kweli au lisiwe. Kama kipimo cha maana ya neno ni joto linalopanda kifuani mwa msemaji, basi hatuna kipimo.

Kipimo nakiona kwingine. Wahenga walisema ahadi ni deni, na deni halipimwi kwa hisia za mdaiwa. Lina mwenyewe, naye ndiye anayekuja kulidai. Tuseme mama mmoja wa Beira, mji uliopigwa na kimbunga Idai mwezi Machi 2019, anamsikiliza kijana mpaka mwisho, kisha anamuuliza: "Mwanangu, huyo Mungu unayemjua, alikuwa wapi maji yalipoingia?" Hilo halimo kwenye yale ya kukariri. Anaweza kuirudia sentensi yake kwa sauti ya juu zaidi. Anaweza pia kuketi, amsikilize mama kwa Kireno chake kamili, chenye "laiti" na "huenda" zote, na kesho yake arudi kumsaidia kazi. Kwa jinsi atakavyofanya, "najua" aliyofundishwa Provo itapata maana au itakosa. Yeye peke yake hakuweza kuipa.

Historia ya Kanisa hilo nchini Brazili inalionesha jambo hili kwa kipimo kikubwa. Wamisionari waliokwenda huko mwaka 1928 walihubiri kwa Kijerumani, miongoni mwa wahamiaji wa kusini. Mwaka 1938 serikali ya Getúlio Vargas ilibana lugha za kigeni katika mikutano ya hadhara, wakalazimika kugeukia Kireno, na Kitabu cha Mormoni, andiko lao takatifu, kikatoka kwa lugha hiyo mwaka uliofuata. Kwa Kireno waliwatangazia watu kwamba wote ni wana wa Mungu, wakiwa na kitabu kinachofundisha kwamba Mungu habagui mweusi na mweupe. Wakati huohuo Kanisa lao liliwanyima wanaume wenye asili ya Afrika nyeusi ukuhani, na kuwazuia waumini wa asili hiyo, wake kwa waume, kupokea ibada kuu za hekaluni. Walisema neno lililowazidi kimo.

Wapo waliolichukua kama lilivyo. Helvécio Martins, Mbrazili mweusi, alibatizwa na familia yake mwaka 1972, wakabaki waaminifu na kuchangia ujenzi wa hekalu la São Paulo, ambalo kwa kanuni za wakati ule wasingepokea ibada zake. Uwepo wao ulikuwa dai tosha, katika nchi ambamo kuchambua nani ana damu ya Afrika na nani hana ni kazi isiyo na mwisho. Juni 1978 Kanisa likatangaza kuondoa zuio hilo, na hekalu likawekwa wakfu mwaka huohuo. Mwaka 1990 Martins akawa mtu wa kwanza wa asili ya Afrika nyeusi kuwa miongoni mwa viongozi wakuu wa Kanisa zima. Kama tunauliza nani aliijua maana ya maneno yale, sidhani ni waliovuka bahari kuja kuyasema.

Kwa hiyo simwiti mwongo kijana anayetamka makubwa asiyoyafahamu bado. Namwita mdaiwa. Uongo huanza siku anapodaiwa akajifanya hakusema kitu, au akageuza Kireno chake kizuri kuwa njia ya kukwepa. Nawafikiria pia wale wanaorudi nyumbani kabla ya muda wao, ambao katika jamii za Utah mara nyingi hupokewa kwa minong'ono. Baadhi yao hurudi kwa maradhi au huzuni, na hao hawahitaji hukumu ya mtu. Lakini yupo pia anayerudi kwa sababu sentensi ile imemshinda, hawezi kuisema tena mbele ya mtu anayemwamini. Aliyeirudia kwa miezi 24 bila kuulizwa na yeyote, wala na nafsi yake, anaweza kuwa hajawahi kuisema. Huyu aliyeshindwa ameshaona ukubwa wa deni, na hakuna anayeuona ukubwa wa deni la neno bila kuwa amelielewa.