Kimya Si Kifo

Tarehe 5 Oktoba 2015 machimbo ya dhahabu ya Nyangalata, wilayani Kahama, yaliporomoka na kuwafukia wachimbaji. Siku 41 baadaye, tarehe 15 Novemba, watano walitolewa wakiwa hai. Mwenzao mmoja alifia hukohuko chini. Waliponea kwa mende, vyura na mizizi. Muda wote huo, kwa waliokuwa juu ya ardhi, hawakutofautiana na marehemu, maana hawakusikika. Swali ninalolifuata limefukiwa hapo, nalo ni la kale kuliko duara, yaani shimo, lolote la dhahabu: mtu akinyamaza, nani ana haki ya kusema amekufa, na nani ana haki ya kukalia kiti chake? Nashawishika kwamba jibu mojawapo lililofikiriwa kwa makini sana limo ndani ya mitambo ambayo hakuna anayeitazama kwa jicho la falsafa, ile inayopokea simu za maofisini.

Chukua ofisi ya kawaida ya Nyasubi, mjini Kahama, tuseme ya muuza vipuri vya krasha, iliyohamia simu za intaneti. Simu ya mezani haitegemei tena waya wa shaba hadi kituoni. Inajiandikisha kwenye seva, kama mgeni anavyoandikwa kwenye daftari la nyumba ya wageni: mimi ni namba 104, nipo anwani hii. Kila baada ya muda hurudia. Mteja akipiga, seva hutazama daftari na kuiamsha 104. Seva ikiwa moja na ikazima, ofisi nzima inakuwa bubu, ndiyo maana huwekwa kundi. Seva mbili, tatu au zaidi hunakiliana daftari lilelile, na moja kati yao hushika zamu kwa anwani ambayo simu zote zinaijua. Kila sekunde moja hivi hutumiana ujumbe mfupi ambao mafundi huuita mapigo ya moyo. Mapigo yakikosekana mara kadhaa mfululizo, iliyokuwa ikisubiri hunyakua anwani na kuendelea na kazi. Simu ya mezani haina habari kwamba anayeijibu sasa siye wa dakika iliyopita. Hata mazungumzo yaliyokuwa yakiendelea yanaweza kusalimika, ikiwa sauti ilikuwa inapita moja kwa moja kati ya simu na simu.

Hadi hapo ni ufundi tu. Ugumu unaanza pale seva ya pili isiposikia mapigo ya mwenzake. Huenda mwenzake amezimika. Huenda pia ni mzima, ila kebo iliyo kati yao imekatika. Kwa anayesikiliza, hali hizo mbili zinafanana kabisa. Hakuna alama ya kuzitofautisha. Ikinyakua kiti na mwenzake yu hai, wawili watadai anwani moja. Baadhi ya simu zitafuata huku, nyingine kule, na mteja ataambiwa namba 104 haipatikani wakati mwenye namba hiyo ameketi mbele ya simu yake. Mafundi huiita hali hii ubongo uliopasuka. Mwaka 1985 wanasayansi watatu, Fischer, Lynch na Paterson, walithibitisha kihisabati kwamba penye ujumbe unaoweza kuchelewa bila kikomo, hakuna utaratibu utakaohakikisha kila mara kwamba wote wanafikia uamuzi mmoja, hata kama anayeweza kuanguka ni mmoja tu. Kwa hiyo mafundi hawatafuti yakini, wanapiga kura. Seva huwa tatu au tano, na inayotaka zamu sharti isikilizane na zilizo nyingi. Inayojikuta peke yake, hata ikiwa nzima kabisa, inatakiwa inyamaze, kwa kuwa haiwezi kujua kama walioanguka ni wengine au iliyotengwa ni yenyewe. Ni wakubwa wangapi wa watu wenye unyenyekevu huo?

Wanazuoni wa Kiislamu walilijua jambo hili bila umeme. Khalifa Umar bin Al-Khattab alipochomwa kisu akiongoza swala ya alfajiri Madina, mwaka 644, alimshika mkono Abdurrahman bin Auf na kumsogeza mbele, swala ikakamilishwa. Imamu alibadilika, swala ikabaki ileile. Iliendelea kuwa ileile kwa sababu aliyesogezwa alikuwa tayari ndani yake, akijua wamefika wapi, na waliokuwa nyuma walimkubali. Umar huyohuyo ndiye anayenasibishwa na hukumu ya mke wa mume aliyepotea kusubiri miaka minne, ambayo madhehebu ya Maliki yaliishika. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inasema mtu asiyesikika miaka mitano kwa wale waliotarajiwa kumsikia atadhaniwa amekufa, na dhana hiyo inaweza kukanushwa. Kipengele hicho cha mwisho ndicho chenye uzito kwangu. Sheria inaruhusu maisha yaendelee bila kudai kujua yaliyotokea. Seva nazo hufanya vivyo hivyo: iliyopotea ikirudi haifukuzwi kama mzimu, hupokewa, hunakili daftari lililoandikwa ikiwa haipo, kisha hukaa nyuma kama mfuasi.

Atatokea wa kusema mashine haina nia wala imani, kwa hiyo haiwezi kutufundisha maadili. Ni kweli haina. Lakini ule uthibitisho wa 1985 hauhusu mashine peke yake. Unahusu yeyote anayetegemea ujumbe unaoweza kuchelewa, na binadamu yumo. Pingamizi zito zaidi ni kwamba kusubiri nako kunaua: mteja hakati simu kesho, anakata sasa, na mjane hali falsafa. Nakubali, na ndiyo sababu sisemi tusubiri milele. Kukalia kiti ni uamuzi wa kazi, unaweza kufanywa kwa sekunde tatu. Kutangaza kifo ni dai la ukweli, na kimya peke yake hakitoshi kulibeba. Anayechanganya mawili hayo ndiye anayefunga duara lenye watu.

Kura nayo ina udhaifu wake, pale wapiga kura wote wanapotegemea njia moja. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za baharini za EASSy na Seacom zilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ya Tanzania ikadorora. Kwa aliyekuwa Kahama akitegemea seva za ng'ambo, ilikuwa kana kwamba zimekufa zote kwa pamoja. Hazikufa. Zilikuwa zikifanya kazi kama kawaida. Iliyokatika ilikuwa njia ya kuzifikia. Mashahidi kumi waliopita barabara moja wana habari za barabara moja tu. Basi wewe wa Nyasubi unayeuziwa mtambo kwa sifa ya kuwa na seva tatu, usitosheke na idadi. Muulize muuzaji seva hizo zinafikiana kwa njia ngapi, zinatumia umeme wa nani, na ile itakayojikuta peke yake imeelekezwa kufanya nini.