Dhamana ya Mtu na Dhamana ya Fedha: Jawabu kwa Ndugu wa Kitui na Makueni

 

Tumeulizwa na Waislamu wenzetu wanaokaa Kibwezi, Makindu na Kitui mjini swali ambalo tumeona si vyema kulijibu kwa barua tu, kwani lina faida kwa wengi. Wanasema: Watu hukamatwa katika sehemu zetu kwa makosa makubwa na madogo, wakafikishwa mahakamani Makindu, Wote, Mwingi au Mutomo, na hakimu akawapa dhamana, lakini dhamana yenyewe ni fedha taslimu au hati ya shamba, nao hawana hiki wala kile. Basi hurejeshwa rumande kungojea kesi, na watoto wao hubaki majumbani bila ya wa kuwaangalia. Jamaa wa msikiti wametaka kuchangishana wawatoe, na baadhi ya wazee wamekataa. Wamoja wasema kuwa huko ni kuwasaidia wezi. Wengine wasema mali ya Waislamu haitoki kwa ajili ya asiyekuwa Mwislamu. Na wa tatu wauliza: Je, yafaa kutoa katika Zaka?

Kwanza yapasa tujue rumande ni nini, kwani wengi wetu twaichanganya na kifungo. Mfungwa ni mtu aliyekwisha hukumiwa. Mtu wa rumande hajahukumiwa. Ni mtuhumiwa tu, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yamhesabu kuwa hana kosa mpaka lithibiti. Kifungu cha 49 cha Katiba hiyo maana yake ni kuwa aliyekamatwa ana haki ya kuachiliwa kwa dhamana, kwa masharti ya kadiri, ila ipatikane sababu nzito ya kumzuia. Na kwamba kosa ambalo adhabu yake ni faini peke yake, au kifungo kisichozidi miezi sita, mtu hatiwi rumande kwa ajili yake.

Hiyo ndiyo sheria iliyoandikwa. Lakini sharti ambalo ni la kadiri kwa mwenye duka Mombasa si la kadiri kwa mchimba mchanga wa Makueni wala kwa mchoma makaa wa Kitui. Shilingi elfu ishirini kwa yule wa kwanza ni mauzo ya asubuhi. Kwa huyu wa pili ni mbuzi wote walionusurika na ukame. Na akiambiwa alete hati badala ya fedha, ziko sehemu za Kitui ambako watu wamelima tangu zama za babu zao, na hati ya shamba hawajapata kuiona kwa macho. Mwanamke ndiye zaidi, kwani hati hata ikiwapo aghlabu huwa ina jina la mume au la mkwe. Mwaka 2017 Baraza la Taifa la Usimamizi wa Haki lilitoa khabari za uchunguzi wake juu ya mahakama na magereza ya nchi hii, na lililodhihiri ni kuwa walio wengi katika wanaosombwa na mkondo huo ni maskini, na makosa yao ni madogo madogo.

Sasa wazee wasemao kuwa huku ni kuwasaidia wezi twawauliza: Wizi umethibiti kwa nani? Imepokewa kuwa Mtume wetu alipata kumzuia mtu kwa tuhuma, kisha akamwachilia. Wanavyuoni wamechukua hapo kuwa kumzuia mtuhumiwa kwajuzu, lakini ni kwa kadiri ya haja ya kuchungua jambo lake, si adhabu. Na mtu akikaa rumande mwaka mzima kwa kosa ambalo lau angepatikana nalo angefungwa miezi mitatu, basi amekwisha adhibiwa kabla ya hukumu, na hakuna wa kumrejeshea miezi yake. Hata mwanamke aliyekamatwa na pombe ya kienyeji, nasi twajua pombe ni haramu na hatuitetei, hana budi asikilizwe kwanza.

Someni kisa cha Nabii Yusuf mkizingatie. Alitiwa gerezani naye hana kosa. Mwenziwe mmoja alipokuwa akitoka, Yusuf alimwomba amtaje mbele ya bwana wake. Yule mtu akatoka, akarejea katika kazi yake na neema yake, akasahau. Na Yusuf akabaki gerezani miaka kadhaa. Si kwamba mtu yule alimchukia! Alisahau tu. Na mfalme alipomwita, Yusuf hakukubali kutoka mpaka ile kesi yake ichunguzwe na ukweli udhihiri. Twajifunza hapo kuwa kutolewa gerezani si mwisho wa haja ya mtu. Haja yake ni haki. Basi kumlipia mtu dhamana si kumfutia kesi. Ni kumwezesha kuisubiri nyumbani kwake, akilima na kulisha watoto, na kuwatafuta mashahidi wake.

Na hapa pana jambo ambalo twaona ndilo kubwa kuliko mchango wenyewe. Sheria yetu yaijua dhamana, lakini imezitenga mbili. Iko dhamana ya mali, na iko kafala ya nafsi, yaani mtu kuahidi kumleta mtu mwingine mbele ya kadhi siku atakapotakiwa. Wanavyuoni wa madhehebu ya Imamu Shafii wamezipambanua kwa uangalifu, hata kauli iliyo mashuhuri kwao ni kuwa mdhamini wa nafsi akishurutishiwa kulipa mali mtu asipopatikana, kafala hiyo hubatilika. Linalotakiwa ni mtu aje, na kuja kwa mtu hakununuliwi. Nabii Yaakub naye alipomtoa mwanawe mdogo kwenda Misri na nduguze, hakutaka kwao rahani ya ngamia wala dirhamu. Alitaka ahadi mbele ya Mwenyezi Mungu kuwa watamrejesha, ila wazungukwe na jambo wasiloliweza.

Mtu atasema: Hayo ni ya zamani, leo watu hukimbia. Naam, wako wanaokimbia. Lakini fedha haipimi nani atakimbia. Yapima mfuko tu. Tajiri mwenye kutisha mashahidi hulipa laki tano akatoka jioni ile ile, na kijana aliyeshikwa na gunia la makaa hubaki ndani. Mwenye khatari, hakimu ana uwezo wa kumzuia kwa sababu nzito aliyoitaja Katiba, na hilo hatulipingi. Mama aliyedhulumiwa mwanawe hana budi naye kulindwa. Asiyekuwa na khatari aachiliwe kwa neno lake na kwa neno la wanaomjua: imamu, mzee wa kijiji, mwalimu wake. Na jambo hili lawezekana. Huko Marekani, jimbo la Illinois limeiondoa kabisa dhamana ya fedha tangu Septemba 2023, na hakimu huamua kwa kuangalia khatari. Na hapa kwetu, mwanaharakati Boniface Mwangi alipokamatwa nyumbani kwake Lukenya, Machakos, Julai 2025, mahakama ya Kahawa ilimwachilia kwa bondi yake mwenyewe ya shilingi milioni moja, bila ya kuweka hata senti moja mezani. Ikiwa yafaa kwa mtu anayejulikana nchi nzima na mwenye mawakili, kwa nini isimfae mkulima wa Mutomo anayejulikana na kijiji kizima? Basi wenye kuchanga wasitosheke na kuchanga. Wende mahakamani siku ya kesi, wasimame, wamwambie hakimu kwa adabu: Huyu twamjua, nasi twamdhamini kuwa atakuja.

Tuje kwenye Zaka. Fungu la kukomboa shingo lililotajwa katika Suratut Tawba, madhehebu yetu yamelihusisha na watumwa walioandikiana na mabwana zao, na wako wanavyuoni wengine waliolipanua hata likaingia kumkomboa mateka. Sisi hatutaki kuwatia watu katika khitilafu hiyo bila ya haja, kwa sababu fedha ya dhamana ina tabia yake: hurudi. Kesi ikimalizika na mshitakiwa akawa amehudhuria, mahakama humrudishia fedha yule aliyeiweka. Na Zaka ni mali ya kumilikishwa anayestahiki. Haiwekwi mahali kisha ikarejea mfukoni mwa kamati. Kwa hivyo dhamana itolewe katika sadaka, uwe mfuko wa kuzunguka: umtoe huyu, urudi, umtoe mwingine. Ama Mwislamu fakiri aliyekwisha hukumiwa faini naye hana cha kulipa, huyo yajuzu apewe Zaka mkononi mwake kwa ufakiri wake, akalipe mwenyewe.

Na wasemao kuwa asiyekuwa Mwislamu hana fungu, kwa Zaka wana la kusema. Kwa sadaka hawana. Suratul Insan imewasifu wanaomlisha maskini, yatima na mateka, na mateka waliokuwa Madina siku zile walikuwa ni washirikina. Isitoshe, sisi watu wa pwani tuna jirani wa zamani katika Wakamba. Misafara yao ya pembe ilishuka pwani kabla ya reli. Mwaka 1938 serikali ya Kiingereza ilipowanyang'anya ng'ombe zao, maelfu walikwenda Nairobi kwa miguu kulalamika, na kiongozi wao Muindi Mbingu akakamatwa, akapelekwa Lamu bila ya kesi. Lamu, ndugu zetu! Mtu wa Ukambani alizuiliwa katika mji wa misikiti, na sasa watu wa misikiti wanauliza kama yafaa kumtoa mtu wa Ukambani. Na wala hatukusahau Februari 2014, vijana wetu zaidi ya mia walipokamatwa Masjid Musa, Mombasa, namna mama zao walivyoshinda mahakamani wakitafuta wa kuwasemea.

Yaliyobaki ni ya utaratibu. Bondi ya polisi hailipiwi kitu; atakayetakwa fedha taslimu kituoni asitoe bila ya risiti. Risiti ya mahakama iandikwe jina la mtu mmoja mwaminifu wa kamati, si jina la mshitakiwa, na nakala yake iwekwe msikitini. Tarehe za kesi ziandikwe ukutani, na usiku wa kuamkia siku hiyo mtu apelekwe kumkumbusha. Wanawake wa mwethya, ambao kwa kukopeshana na kusaidiana wametushinda, waingizwe katika kamati tangu siku ya kwanza. Na walio Kitui wasichanganye mfuko wao na walio Kibwezi, kwani mahakama ni mbali mbali, na njia ni ndefu, na hesabu ya fedha iliyo mbali na wenyewe haikosi fitina.