Imani ya Mtu na Mzigo wa Jirani



Liko swali ambalo Wakristo hutuuliza mara nyingi, wengine kwa midomo, wengine kwa mwenendo wao tu. Swali lenyewe ni hili: Ikiwa mtu huhesabiwa haki kwa imani, wala si kwa matendo, kwa nini ajitaabishe kwa ajili ya wenzake wa usharika? Mmoja husema, "Mimi namwamini Yesu, nimebatizwa, nasoma Kitabu nyumbani kwangu, nasali na watoto wangu. Yatosha." Wa pili huja kanisani kila Jumapili bila kukosa, hukaa mahali pake palepale, huimba, hutoa sadaka, kisha hurudi kwake, na yule anayeketi karibu naye akiugua mwezi mzima, yeye hana habari. Wa kwanza hana usharika. Wa pili anao usharika, walakini hana ndugu. Tumeona vema kulitazama swali hili pole pole, kwa kuwa ndani yake mna kweli, na mna hatari pia.

Kwanza tuikubali kweli. Hakuna awezaye kuamini kwa niaba ya mwingine. Baba hawezi kumwamini Mungu kwa ajili ya mwanawe mtu mzima, wala mke kwa ajili ya mumewe. Katika ubatizo kila mtu huitwa kwa jina lake, na katika saa ya kufa kila mtu hujibu mwenyewe. Tena hakuna tendo la rehema, hata likiwa kubwa namna gani, liwezalo kumnunulia mtu neema. Haya ndiyo tuliyofundishwa, na hatutayaacha.

Lakini tuulize: Imani hiyo ya mtu mmoja ilimfikiaje? Mtume asema kwamba imani huja kwa kusikia (Rum. 10:17), na asikiaye husikia sauti ya mwingine. Hakuna aliyejibatiza. Hakuna ajiondoleaye dhambi kwa kinywa chake mwenyewe na moyo wake ukatulia. Hata yule asomaye Kitabu peke yake nyumbani, alifundishwa kusoma na mtu, na Kitabu chenyewe kilitiwa katika lugha yake kwa jasho la wengine. Basi, imani ni ya mtu mwenyewe, lakini haikuota ndani yake kama uyoga. Aliipokea mkononi mwa wengi, na asemaye, "Mimi na Mungu wangu tu," amewasahau waliomchukua njiani.

Na yale matendo, je? Mwaka 1520 Dk. Martin Luther aliandika kitabu kidogo juu ya uhuru wa Mkristo. Alifundisha humo kwamba mtu aliyeokolewa kwa imani hana haja tena ya kukusanya matendo mema ili ampendeze Mungu. Na kwa sababu hiyo hiyo mikono yake imekuwa huru kumtumikia jirani. Tuifikiri sana hoja hii. Mtu atendaye mema ili ajiokoe, humtazama jirani kama ngazi ya kupandia. Mgonjwa kwake ni nafasi ya kupata thawabu. Lakini mtu aliyekwisha kupewa yote bure, hana analotafuta kwa mgonjwa. Humtazama mgonjwa mwenyewe, na haja yake, na uchungu wake. Basi fundisho la imani halituondolei mzigo wa jirani, bali latuondolea mzigo wetu wenyewe, tupate nguvu za kuuchukua wa mwenzetu (Gal. 6:2).

Wengine hudhani kwamba upendo wa namna hii ni jambo la moyo tu, usiohitaji taratibu. Sivyo walivyofikiri wazee wetu katika imani. Wayahudi wa Kiyunani waliponung'unika katika Yerusalemu kwamba wajane wao wanasahauliwa katika ugawaji wa kila siku, Mitume hawakuwaambia waombe na kunyamaza. Walichaguliwa watu saba, na kazi ikapewa mpango (Mdo. 6:1-6). Vivyo hivyo mwaka 1523, katika mji mdogo wa Leisnig katika Ujerumani, washarika walipatana kuweka sanduku la shirika, na Luther akaandika dibaji ya mapatano yao. Sanduku hilo lilikuwa na kufuli nne, na funguo zake zilikaa mikononi mwa makundi manne: makabaila, wazee wa baraza la mji, wenyeji wa mji, na wakulima wa mashamba. Wasimamizi walikuwa kumi, waliochaguliwa kila mwaka. Fedha zilikuwa kwa ajili ya mchungaji na shule, mayatima, wazee, wagonjwa, na maskini. Na fundi aliyeanguka katika kazi yake aliweza kukopeshwa ainuke tena.

Angalieni zile kufuli nne. Kabaila hakuweza kulifungua sanduku bila mkulima. Huo si upungufu wa upendo, ndugu zangu. Ni upendo uliojua udhaifu wa binadamu. Tena mpango huo haukuenda kwa urahisi, kwa maana baraza la mji halikutaka kuziachia mali zilizopasa kuingia sandukuni. Hapo twajifunza kwamba kusifu upendo ni kazi nyepesi, na kuuachia ufunguo ni kazi nzito. Usharika ambao mtu mmoja peke yake ashika fedha za maskini, hata awe mwaminifu kama nini, unamtia mtu huyo majaribuni, na kuwatia wengine katika manung'uniko.

Hapa msomaji wetu aweza kusema, "Mambo hayo ni ya Ulaya. Sisi tunao ukoo. Mtu wetu akifiwa, ndugu zake humjia. Akiugua, hupelekewa uji." Ni kweli, nasi twamshukuru Mungu kwa urithi huo. Mchungaji Bruno Gutmann wa Misioni ya Leipzig, aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902 na kuondoka mara ya mwisho mwaka 1938, aliona kwamba vifungo vya ukoo, vya ujirani na vya rika ni zawadi za Mungu, wala havipasi kuvunjwa, bali Injili iingie ndani yake. Kila mtu wa mlimani ajua habari ya mfereji. Maji hutoka mbali juu, hupita kihamba cha huyu na kihamba cha yule. Na siku ya kuuzibua mfereji wote hushika majembe. Anayekunywa asilime mfereji huonekana mara moja. Na wamisionari wa Kijerumani walipoondolewa mwaka 1920, hapakuwapo bado mlimani mchungaji Mchaga aliyebarikiwa. Wa kwanza walibarikiwa mwaka 1934. Katika miaka ile sharika zilisimama mikononi mwa walimu na wazee, nazo hazikukauka, kwa kuwa watu walikwisha kujua kuzibua mfereji pamoja.

Lakini ukoo una mpaka wake. Ukoo huwasaidia walio wake, tena husaidia kwa kutazamia kurudishiwa. Wahenga walisema, mkono mtupu haulambwi. Basi ni nani atakayemwendea yule asiye na cha kurudisha? Mgeni aliyekuja kutafuta kazi, akafiwa na mkewe katika nyumba ya kupanga? Mjane aliyefukuzwa na shemeji zake kwenye kihamba cha marehemu? Mtoto asiyetajwa baba yake? Hapo ndipo ijulikanapo kama sisi ni Kanisa, au ni ukoo mwingine tu ulioongezwa juu ya koo nyingine. Bwana wetu aliuliza, tukiwapenda wale watupendao, tuna thawabu gani (Mt. 5:46). Meza ya Bwana haina mlango wa wenyeji na mlango wa wageni.

Sasa tufikie mahali pagumu. Mwaka 1527 tauni iliingia Wittenberg. Chuo kikuu kikahamishiwa Jena, na watu wengi wakakimbia. Luther na mchungaji mwenzake Johannes Bugenhagen walikaa. Na nyumba ya Luther, ambamo mkewe Katharina alikuwa mjamzito, ikapokea wagonjwa. Wachungaji wa Breslau walikuwa wamemwuliza: Je, ni halali Mkristo kuikimbia tauni? Yeye hakuwahukumu wote waliokimbia. Alijibu kwamba kuokoa maisha si dhambi, maadamu mgonjwa hakuachwa bila mtu. Bali mchungaji asiwaache kondoo, wala mzazi mtoto, wala jirani jirani yake, kama hakuna mwingine wa kumwangalia. Tena aliwakemea na wale waliodharau dawa na kujitia hatarini bure, kana kwamba ujinga ni imani.

Jibu hilo lina mizani pande zote mbili, nalo si la zamani tu. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi walitambuliwa katika Tanzania, mkoani Kagera, katika nchi yenye sharika nyingi za Kilutheri. Tauni ya Wittenberg iliua kwa siku chache. Ugonjwa huu uliongeza na aibu. Wagonjwa wengi walifichwa vyumbani, na majirani walinong'ona kwanza, wakauliza hali baadaye. Leo ziko dawa zimwezeshazo mtu kuishi miaka mingi, lakini dawa ya mnong'ono haiuzwi dukani. Mtu aogopaye kwenda kliniki kwa sababu mshiriki mwenzake atamwona, ameogopa nani? Hakuogopa ugonjwa. Ametuogopa sisi.

Kwa hiyo twasema: Ukweli wa imani na utunzaji wa usharika ni kitu kimoja. Mtu hawezi kuwa mkweli mahali ambapo ukweli wake utafanywa hadithi ya kisimani. Atavaa nguo safi za Jumapili, na uso safi wa Jumapili, na chini yake ataficha deni, ulevi, kilio, au ugonjwa. Tukisikitika kwamba washarika ni wanafiki, tujiulize kwanza kama hatukuwafundisha unafiki kwa kuwaadhibu walipokuwa wakweli.

Je, maana yake tuinyamazie dhambi? Hasha. Mzee wa kanisa anyamazaye mtu apigapo mkewe, hakumpenda mtu huyo, wala mkewe. Iko saa ya kuonya, na iko saa ambapo mtu huzuiwa Mezani kwa muda. Lakini aliyezuiwa Mezani hakuzuiwa kusalimiwa, wala kutembelewa, wala kuzikiwa wafu wake. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba adhabu aliyopewa mtu fulani yatosha, na sasa wamsamehe na kumfariji, asije akamezwa na huzuni (2 Kor. 2:6-8). Tuutazame mpangilio wa Mtume: adhabu ilikuwa na kikomo, faraja haikuwekewa. Kwetu mara nyingi huwa kinyume. Faraja twaipimia kwa kijiko, na adhabu hudumu mpaka mtu ahamie mji mwingine.

Yuko naye asemaye, "Tukifungua mikono, wavivu watakuja, na wenye kudanganya." Watakuja, ndiyo. Mtume mwenyewe aliagiza kwamba asiyetaka kufanya kazi asile (2 The. 3:10). Lakini tulisome neno kwa uangalifu: alisema juu ya asiyetaka, wala si juu ya asiyeweza. Kuwapambanua hao wawili hakuwezekani kwa kukaa barazani. Yapasa kwenda nyumbani, kuona jiko kama lina moto, kuona mguu kama una kidonda. Na ikiwa baada ya kuchunguza vema tumedanganywa, tumepoteza debe la mahindi. Bali tukimfukuza mwenye haja ya kweli, tumemfukuza Yeye aliyesema kwamba alilofanyiwa mdogo wake alifanyiwa Yeye (Mt. 25:40). Hasara hizi mbili hazilingani.

Basi, ninyi walimu na wazee, twawasihi mambo machache. Jueni majina ya watu wa mtaa wenu, hata ya watoto. Asipoonekana mtu Jumapili mbili, asiulizwe kwanza kwa nini hakutoa sadaka, bali aendewe. Fedha za maskini zishikwe na zaidi ya mmoja, na hesabu yake isomwe mbele ya wote. Lakini majina ya waliosaidiwa yasisomwe. Siri mliyoambiwa ife pamoja nanyi. Na kila mtaa uwe na watu wawili watatu ambao kazi yao ni moja tu: kuuliza ni nani aliyesahauliwa.

Nanyi mnaosali peke yenu nyumbani, twawasihi pia: njoni. Pengine mwaona hamtuhitaji. Yawezekana. Lakini yuko mtu katika mtaa wenu ambaye jana usiku alimwomba Mungu amletee ndugu, na Mungu, ambaye hupenda kuwajibu watu kwa njia ya watu, amekwisha kumchagua wa kumtuma.

Bwana Yesu Kristo, aliyeuchukua mzigo wetu sote, atupe mabega ya kuchukuliana. Amina.