Kupita Mbele ya Anayesali

Fungu Mbaraka ni kisiwa kidogo cha matumbawe na mchanga kilichojitenga kusini-mashariki mwa Unguja, mbali kiasi kwamba ukiwa hapo nchi kavu huioni. Hakina mti wala maji ya kunywa. Boti za wageni hukifuata kwa sababu ya jodari na samaki wengine wakubwa, kisha nanga ikishashuka watu huanza kutazama ndege. Na ndege wapo: buabua weusi mgongoni na weupe tumboni, ambao hutaga hapo kwa maelfu, na kati yao wale ndege wakubwa weupe wenye uso mweusi, hodari wa kujitupa baharini kutoka juu. Boti ikisogea mno, au mgeni akishushwa ufukweni, wote huinuka kwa mpigo na kulijaza anga. Wageni hushangilia na simu hutolewa mifukoni. Naamini shangwe hiyo ina kosa ndani yake, na kwamba mtu wa dini ndiye angepaswa kuwa wa kwanza kulitambua.

Tuanze na kinachotokea chini wakati macho yote yako juu. Buabua huyu hutaga yai moja tu, juu ya ardhi tupu, bila kujenga kiota. Katika jua la ukanda wetu, mchana kazi ya mzazi si kulipasha yai joto bali kulikinga nalo: husimama juu yake, mabawa ameyaachia kidogo, ili kivuli cha mwili wake kiliangukie. Jirani yake yule mkubwa hukaa mdomo wazi, ngozi ya koo ikitetemeka upesi upesi. Mgeni mwenye darubini anaweza kudhani analia, kumbe hatoi sauti yoyote. Anapunguza joto la mwili bila kuondoka kwenye zamu yake. Mzazi akiruka, kivuli huruka naye. Yai lililoachwa wazi saa za adhuhuri halichukui muda mrefu kuharibika, na kifaranga aliyetoka kuanguliwa hawezi kujikinga na jua wala na shakwe mwenye njaa. Basi lile kundi linalopigwa picha na kusifiwa kwa uzuri wake ni kundi la wazazi walioogopeshwa, na kila mmoja ana kitu alichokiacha mchangani.

Sasa tuliweke hilo mbele ya imani ambayo wengi wa watu wa pwani wamelelewa nayo. Aya ya 41 ya Sura An-Nur inawataja ndege waliokunjua mabawa miongoni mwa wanaomtukuza Mungu, na inafundisha kwamba kila kiumbe anaijua sala yake. Al-An'am, aya ya 38, inawahesabu ndege kuwa ni umma kama sisi. Mtoto wa chuoni huyasikia haya mapema, na wengi wetu huyabeba maisha yote kama pambo la maneno. Lakini tukiyachukua kwa uzito wake, yana madai juu ya mwenendo. Tunajua jinsi ya kuishi karibu na mtu anayesali. Msikitini hakuna anayekatiza mbele yake, hata akiwa na haraka. Husubiri, au huzunguka. Mtume ameripotiwa kufundisha kwamba anayepita angejua uzito wa kosa lake, angeona heri asimame arubaini, na msimulizi mwenyewe hakukumbuka kama ni siku, miezi au miaka. Anayesali hadaiwi kuthibitisha kwamba ameumia. Inatosha kwamba yuko katika shughuli isiyotuhusu sisi, na nafasi iliyo mbele yake imekuwa yake mpaka amalize. Kama ndege aliyesimama juu ya yai lake yuko katika sala aliyofundishwa, kumrusha kwa ajili ya picha ni kukatiza mbele yake.

Atatokea wa kusema kwamba sala ya ndege ni lugha ya mfano, kwamba ndege hana nia, na pasipo nia hakuna ibada. Mjadala huo ni mkubwa na wanazuoni wamekwishautafakari. Mimi natosheka na jambo dogo zaidi: hata asiyekubali kwamba ndege anasali hawezi kukataa kwamba yai linaungua. Katika hadithi iliyo katika mkusanyiko wa Abu Dawud, maswahaba walichukua makinda mawili ya ndege safarini, na mama yao akaja akipapatika. Mtume aliuliza ni nani aliyemtia huyu uchungu kwa watoto wake, akaamuru warudishwe. Hakuuliza kama ndege ana nia. Uchungu wake ulitosha kuwa hoja, na waliousababisha hawakuwa maadui wa ndege. Walikuwa wasafiri waliovutiwa na kitu kizuri njiani.

Pingamizi jingine lina nguvu zaidi. Bahari imetiishwa kwa ajili ya mwanadamu. Sura An-Nahl inataja nyama mbichi, mapambo na vyombo vinavyopasua maji. Kwa nini basi mgeni aliyelipia safari asifurahie neema aliyoumbiwa? Nakubali kwamba ameumbiwa. Ila ruhusa ya kutumia haikuwa kamwe ruhusa ya kuharibu, na furaha inayopatikana kwa kumnyima mwingine kivuli haiwezi kuitwa shukrani. Hapo ndipo ninapomtofautisha na mvuvi aliyeishiwa chakula akaokota mayai. Wa pili naye anapunguza ndege, na ni haki kumzuia, lakini ana njaa ya kujitetea nayo. Wa kwanza hana dharura yoyote. Alichotaka kukiona kilikuwa mbele yake tayari, kabla hajakivuruga.

Wahifadhi watanikumbusha kwamba mtu hakilindi asichokijua, na kwamba wageni wakinyimwa ukaribu watapoteza hamu. Sitaki wanyimwe kutazama. Nataka nahodha atie nanga kwenye mchanga, mbali na ufuko na mbali na matumbawe, azime injini na awaombe watulie. Ndege wa bahari hawakai wote kisiwani siku nzima. Huenda na kurudi na chakula, na njia yao hupita juu ya boti. Atakayesubiri atawaona wakiwinda, wakigombana na wakirudi jioni, yaani atawaona walivyo, na si walivyo wakiogopa. Na mafundisho ya dini yanaweza kubadili desturi za baharini: Misali, upande wa magharibi wa Pemba, mwishoni mwa miaka ya 1990 uhifadhi ulianza kuzungumzwa kwa wavuvi kwa lugha ya Qurani, kama amana, na si kwa lugha ya faini peke yake. Kwa wageni, mazungumzo hayo ni ya nahodha. Mtalii aliyefika jana ana udhuru wa kutojua kwamba wingu lile la ndege ni hofu. Nahodha anayekwenda pale kila msimu, akawapeleka karibu kwa sababu anajua watashangilia, hana udhuru huo.