Huko Una Nani?

Ukiwaambia watu wa kwetu kwamba unakwenda Japani, hawaanzi na nauli. Wanaanza na: huko una nani? Kisha: unakwenda kufanya nini? Maswali haya hayana ubaya wowote. Kwetu safari huwa na shughuli yake. Mtu husafiri kwa msiba, harusi, masomo, matibabu, mzigo wa duka, au hija. Mwisho wa safari kuna mlango unaojulikana, na nyuma ya mlango yupo mtu aliyekwisha kuambiwa kuwa unakuja. Anayetoka peke yake, kwa pesa ya kuungaunga, akaenda mji asio na ndugu wala mteja wala mwalimu, anaonekana kama kuna jambo analificha. Hata ofisi ya viza inawaza vivyo hivyo. Mtanzania anayeomba viza ya kuitembelea Japani anatakiwa kuandika ratiba yake siku kwa siku: atakuwa wapi, atafanya nini, atalala wapi.

Swali la kwanza naliona zito kuliko wanavyolidhani wenye kuliuliza, na kuliko wanavyolidhani vijana wanaolicheka. Nimelizungusha kichwani tangu nitoke Matsuyama.

Matsuyama ni makao makuu ya mkoa wa Ehime, katika kisiwa cha Shikoku. Una wakazi wapatao laki tano, na hakuna mji mkubwa kuuzidi kisiwani humo, lakini treni za kasi za Shinkansen hazifiki Shikoku, na wageni wengi huishia Tokyo, Kyoto na Osaka. Mimi nilivuka kutoka Hiroshima kwa feri ya polepole kwa sababu ndiyo ya bei nafuu. Inapita katikati ya visiwa vya Bahari ya Seto kwa zaidi ya saa mbili na nusu. Nikapata kitanda cha dabo deka katika nyumba ya wageni, nikaanza kutembea.

Ni mji usiokuharakisha. Katikati kuna kilima, na juu yake ngome ambayo mnara wake ni mmoja kati ya 12 tu iliyosalia nchini tangu zama za watawala wa upanga. Chini yake inazunguka tramu, nauli moja popote ushukapo. Mahali paitwapo Otemachi reli ya tramu inakatana na reli ya treni, msalaba kabisa, juu ya barabara. Kengele inalia, vizuizi vinashuka, na tramu iliyojaa watu inasimama pamoja na magari kusubiri treni ipite. Nilisimama pale zaidi ya mara moja nikitazama nyuso za abiria. Hakuna aliyeshika tama, hakuna aliyenyoosha shingo kuona kama treni imemaliza. Mji wenye kasi ungekwisha kujenga daraja hapo. Huu umekubali kusubiri, na anayefika kutoka nje anajikuta naye amekubali.

Wanaosifu safari za peke yako husema zinamfundisha mtu kujitegemea. Unasoma ramani mwenyewe, unapotea mwenyewe, unajirudisha mwenyewe, na ukifika nyumbani unajua kuwa unaweza kusimama bila mtu. Nimelisikia hilo mara nyingi, na ninaona ni kinyume cha kilichopo. Aliye na ndugu mjini ndiye anayeweza kusahau kuwa anategemea wengine, kwa sababu msaada unamjia kwa sura anayoijua: sahani ya wali, godoro la sebuleni, binamu wa kumpeleka stendi. Asiye na mtu hana pazia hilo. Kila kinachomshika asianguke kimeshikwa na mtu asiyemjua. Na akiwa na pesa kidogo, mambo yanakuwa wazi zaidi, kwani tajiri anaweza kujidanganya kuwa kila kitu amekilipia.

Chukua bafu la Dogo. Upande wa mashariki wa mji kuna chemchemi ya maji moto inayohesabiwa kati ya kongwe kabisa nchini Japani, na jengo lake kuu, la mbao, ghorofa tatu, lilijengwa mwaka 1894. Aliyelisimamia ni Isaniwa Yukiya, mkuu wa mji mdogo wa Dogo wa wakati ule. Watu wake walimpinga vikali. Gharama ilikuwa kubwa, nao waliogopa kiingilio kitapanda hadi maskini wasioge. Alikubali kukaa bila mshahara, akashikilia kuwa jengo liwe la kudumu vizazi. Limedumu. Lilifanyiwa ukarabati kuanzia mwaka 2019 hadi 2024, na wakati wa kazi hiyo sehemu ya kuogea iliendelea kupokea watu. Leo kuingia katika bafu la chini unalipa takribani bei ya bakuli la tambi za udon.

Kwa sisi tuliolelewa kwa stara, mlango wa chumba kile ni mgumu. Unavua kila kitu, unaweka kabatini, unaingia na kitaulo kidogo kisichofunika chochote. Ndani kuna mvuke na sauti ya ndoo za plastiki zikigonga sakafu ya mawe. Kwanza unakaa kwenye kigoda cha chini mbele ya bomba, unajisugua kwa sabuni, unajimwagia hadi povu liishe, ndipo unakaribia dimbwi. Kitaulo hakiruhusiwi kugusa maji. Wazee wanakikunja wanakiweka kichwani. Maji ni ya moto, kama nyuzi 42, na yana ulaini unaofanya ngozi iteleze chini ya vidole. Mzee mmoja alikuwa amekaa pale ambapo ningeweza kuingilia. Alinitazama usoni mara moja, akasogea kama shubiri mbili hivi, akaendelea kutazama mvuke. Hakuniuliza natoka wapi, na nisingeweza kumjibu. Kwa kusogea kule alinipa nafasi, na ndiyo iliyokuwa haja yangu.

Nimeufikiria sana usogeo ule. Kwetu ukarimu huanza mdomoni. Salamu ndefu, habari za nyumbani, wewe ni wa nani, mama yako mzima? Mgeni anaingizwa katika ukoo kwa maswali hadi apatikane mtu mnayemjua nyote, na hapo chai inamiminwa. Ni ukarimu mkubwa, sitaki kuupunguza hata chembe, lakini unataka uwe na jina. Wa Matsuyama niliokutana nao walikuwa na ukarimu wa namna nyingine, unaotangulia kuwekwa mahali kabla mgeni hajafika, na haumuulizi jina. Isaniwa hakunijua. Alipogombana na watu wake kuhusu ghorofa tatu za mbao, huenda hakuwahi kuwaza kwamba mtu wa pwani ya Afrika Mashariki angelitumbukiza mwili wake uliochoka mle. Lakini nafasi yangu ilikuwa imekwisha kujengwa.

Pwani tunalijua jambo hili kwa jina la wakfu. Mtu anachimba kisima, anakitoa kwa ajili ya Mungu, anakufa; na msafiri wa miaka mia baadaye anateka maji bila kujua alaze dua yake juu ya kaburi lipi. Niliposimama nje ya mji kwenye meza ya mbao iliyokuwa kando ya njia, yenye mifuko ya machenza na kikopo cha kutumbukizia sarafu, bila muuzaji, niliona kitu cha familia hiyohiyo. Ehime ni nchi ya machungwa na machenza, milima yake ya pwani imepambwa nayo ngazi kwa ngazi, na wakulima huacha mazao barabarani namna hii kwa kumwamini apitaye. Nilitumbukiza sarafu ya yen mia. Ilipogonga nyingine ndani ya kikopo nilisikia kwamba wengi walikuwa wamepita kabla yangu, wakalipa, bila mtu wa kuwaona. Nami nikawa nimeingia katika mstari wao.

Mji wenyewe una tabia ya kuacha mambo wazi. Ndio mji wa mshairi Masaoka Shiki, aliyezaliwa hapo mwaka 1867 na kuifufua haiku, shairi fupi la Kijapani, kabla ya kufa mwaka 1902, miaka ya mwisho akiwa kitandani Tokyo kwa kifua kikuu kilichoula uti wa mgongo, ulimwengu wake ukiwa bustani ndogo yenye madodoki. Kwa heshima yake Matsuyama imetawanya visanduku vya haiku, hata ndani ya tramu: yeyote akiandika shairi analitumbukiza, na yapo yanayochaguliwa kutangazwa. Mpita njia anaambiwa kwamba alichokiona leo kina mahali pa kuwekwa.

Kuna upande mwingine, nao lazima usemwe. Unafuu niliouonja haukutoka kwenye wema peke yake. Mwaka 2024 dola moja ya Marekani ilifika zaidi ya yen 160, thamani ya chini ya yen ambayo haikuwa imeonekana tangu mwaka 1986. Mgeni mwenye fedha za kigeni akafurahi kwamba Japani imekuwa rahisi. Mwenyeji akalipa zaidi kwa mafuta na chakula kinachoagizwa nje. Mama anayepiga deki sakafu ya bafu analipwa kwa yen hiyohiyo iliyolegea. Ninapoandika kuwa niliishi kwa kidogo, sehemu ya kile kidogo imetoka mfukoni mwake. Na utulivu nilioupenda, maduka ya mtaa uliofunikwa paa ambayo milango yake ya bati ilikuwa imeshushwa mchana kweupe, wazee wengi na vijana wachache, ni utulivu wa mikoa ambayo watoto wake wanahamia Tokyo na Osaka. Mgeni anaita amani kile ambacho mzazi aliyebaki anaweza kukiita upweke. Hili halifuti shukrani yangu, ila linaipa uzito. Fadhila unayoijua gharama yake haipokewi kwa mkono mmoja.

Wapo wanaolijua deni hili kuliko watalii. Katika mitaa ya Matsuyama unawaona, mavazi meupe, kofia pana ya kusuka, fimbo mkononi: mahujaji wa mahekalu 88 ya Shikoku, mzunguko wa kilomita kama 1,200. Wapo wanaotembea peke yao, wapo wenye pesa kidogo. Lakini wanaamini kwamba Kukai, mtawa aliyezaliwa kisiwani humo mwaka 774, anatembea na kila mmoja wao, na fimbo ndiye yeye. Wakifika mahali pa kulala huosha ncha ya fimbo kabla ya kuosha miguu yao. Na watu wa njiani huwapa vitu: chenza, chupa ya chai, sarafu, pengine malazi. Hujaji hatakiwi kukataa. Anatoa kikaratasi chenye jina lake, anainamisha kichwa, anaendelea. Hatarudi kulipa, na aliyempa halitegemei hilo.

Katika hekalu la Ishite-ji, la 51, karibu na Dogo, wanasimulia habari za hujaji wa kwanza. Alikuwa tajiri wa sehemu hizo, Emon Saburo. Mtawa mchafu alikuja mlangoni kuomba, akamfukuza. Akaja tena na tena, hadi Emon akampiga, bakuli lake la kuombea likavunjika. Baadaye watoto wake wanane wakafa mmoja baada ya mwingine. Ndipo akatambua kuwa yule alikuwa Kukai, akaacha mali yake, akazunguka kisiwa kizima akimtafuta ili aombe msamaha. Sijui hadithi nyingine iliyothubutu kumfanya mwanzilishi wa njia takatifu kuwa mtu aliyemfungia mgeni mlango. Alilazimika kuwa mgeni mwenyewe, akila kwa mikono ya wengine, ndipo akaelewa alichokivunja.

Karne nyingi baadaye alikuja Matsuyama mshairi Taneda Santoka, mtawa wa Zen aliyetembea Japani kwa miaka akiomba kwa bakuli, mlevi, mwenye majuto mengi, akiandika haiku fupi zisizofuata hesabu ya silabi. Ukimtaka mtu wa kuwakilisha upweke wa njia, huyu anatosha. Lakini mwisho wa mwaka 1939 marafiki wa mji huo walimtafutia kibanda, wakamlisha, wakamvumilia. Usiku mmoja wa Oktoba 1940 walikusanyika hapo kusomeana haiku, naye akiwa amelala chumba cha pili. Walidhani amelewa tu, wakamwacha apumzike. Alfajiri alikuwa amekwisha kufa. Wasomaji wengi wa Santoka huitaja kofia yake na njia ndefu. Mimi ningewaomba wakumbuke pia kile chumba cha pili, na wale waliomtafutia.