MAEMBE YA SULTAN HAMUD

Ametuuliza ndugu mmoja mwenye shamba la maembe huko Sultan Hamud, mji ulio kando ya reli na ya barabara kuu iendayo Nairobi, uliopewa jina la Sayyid Hamud bin Muhammad aliyetawala Unguja tangu 1896 hata 1902. Asema: jirani yake asiyekuwa Mwislamu, pamoja na mkewe na wanawe, hutengeneza mvinyo wa matunda shambani mwao, kwa leseni. Hununua maembe yaliyoiva mno, ambayo dalali hayataki, na hulipa papo hapo. Je, fedha hizo ni halali?

Swali hili si jepesi. Wale walijibuo kwa neno moja hawajapata kuona maembe yakiivia pamoja mwezi wa Januari, na lori lisije.

Kwanza tuondoe shubuha. Wako wasemao kwamba khamri ni ya zabibu tu, na hii ya maembe ni maji ya matunda yaliyolala. Sayyidna Umar (r.a.) alikwisha kulieleza jambo hili juu ya mimbari: alitaja zabibu, tende, asali, ngano na shairi, kisha akabainisha kuwa khamri ni kila kinachofunika akili. Basi kaluvu ya Wakamba imo, na mvinyo wa embe umo. Chachu hula sukari ya tunda ikaigeuza kileo, wala haiulizi tunda hilo ni la mti gani.

Ama kuuza tunda lenyewe, hapo ndipo wanavyuoni walipokhitalifiana. Imam Abu Hanifa aliruhusu kumuuzia maji ya zabibu mtu atakayeyafanya khamri, kwani maasi hayamo katika kitu chenyewe, bali huja baadaye kwa tendo la mwingine. Kwetu sisi Mashafii, muuzaji akijua, au akidhani sana, ni haramu, ingawa mauzo yenyewe husihi; akishuku tu, ni makuruhu. Mahanbali wasema mauzo ni batili. Na ndugu yetu anajua, kwani jirani amemwambia kwa kinywa chake. Lakini hapaswi kumpeleleza kila mchuuzi wa sokoni.

Sasa niwaulize watu wa mwambao, ambao huenda wameifurahia hukumu hii kwa kuwa ni ya mtu wa bara: minazi yenu inagemwa na nani? Wangapi katika sisi humkodisha mgema minazi, tukapokea kodi yetu, hali twajua kwamba tembo lililo tamu asubuhi likifika jioni limekwisha kuwa kali? Twasema tumekodisha mti tu. Hiyo ndiyo hoja ya mwenye maembe, tena yeye ana udhuru zaidi, kwani embe huoza kwa siku chache, na nazi hungoja.

Wala sisemi ayatupe. Ayakate vipande ayakaushe juani, au ajaribu kiwanda cha matunda kilichojengwa Kalamba. Aweza pia kuyakamua kwa nia ya siki, akayaacha maji yageuke yenyewe pasipo kutiwa kitu. Hilo limeruhusiwa katika madhehebu yetu. Faida itapungua, bila shaka, na jirani atauliza kwa nini ameachwa. Na ajibiwe kwa upole, maana hakumdanganya mtu wala hakuficha kazi yake. Na akitaka kununua mbuzi, auziwe.