Je, Yafaa Kufuga Nge na Kumzalisha?

Mama mmoja wa mji wetu ametuletea suali ambalo baadhi ya waliolisikia walicheka. Mwanawe aliyeko Ulaya amenunua nge, akamtia katika sanduku la kioo, kisha akamtafutia dume. Sasa jike amezaa, na wadogo wote wamo mgongoni mwake. Kijana akampelekea mamake picha kwa furaha, kama ampelekeaye picha ya mjukuu. Mama auliza: hili lafaa?

Sisi hatukucheka. Nge huyo wataalamu humwita Babycurus jacksoni, na kwao ni Kenya na Tanzania. Hukaa chini ya magome ya miti na magogo. Kijana amevuka bahari na kutoa fedha kumnunua mnyama ambaye huenda bibi yake alimponda kwa mtalawanda bila kumwuliza jina.

Wengi watajibu upesi: nge ni katika wanyama walioruhusiwa kuuawa hata ndani ya Haram ya Makka, basi kumfuga kuna maana gani? Jawabu hiyo ina haraka mno. Ruhusa ya kuua si ruhusa ya kutesa. Yule mwanamke wa hadithi ya paka hakulaumiwa kwa kuwa paka ni mnyama wa cheo, bali kwa kuwa alimfungia, asimlishe wala asimwache akajitafutia. Kufungia ndiko kulikomtwika dhamana. Nge aliye ukutani hatudai chakula. Aliye sandukuni atudai. Yapasa apate mende au nyenje, na maji, na joto, na gome la kujificha mchana.

Wala kumtazama na kumsoma si aibu. Ad-Damiri, mwanachuoni wa Misri aliyefariki mwaka 1405, alimwekea nge mahali pake katika kitabu chake cha wanyama. Na ayaonayo kijana huyu ni ya ajabu kweli. Dume humshika jike magando, wakaenda mbele na nyuma kama wachezao ngoma, hata dume aweke mbegu yake chini na kumvuta jike apite juu yake. Nge hatagi, huzaa watoto hai, weupe, nao wakampanda mama mgongoni wasishuke mpaka wajivue ngozi ya kwanza. Na nge mzima akimulikwa gizani kwa taa ya miale ya urujuanimno, hung'aa rangi ya kijani. Asiyesema Subhanallah mbele ya hayo, hatujui atalisemea wapi.

Lakini kufuga ni jambo moja na kuzalisha ni jingine, na hapa ndipo tunapoachana na kijana. Nge karibu wote wenye sumu ya kuua binadamu ni wa ukoo huu wake. Huyu wetu hahesabiwi katika wauaji wakubwa. Walakini jamaa zake wa magomeni huko Mexico, waitwao Centruroides, wameua watoto wengi kabla dawa haijaenea. Jike huzaa makumi kwa mara moja, na kila mtoto hupita penye ufa usiopitisha kidole. Brazil yuko mwingine, Tityus serrulatus, ambaye jike huzaa pasina dume: akiingia mmoja mjini, mji umeingiwa. Nchi hiyo sasa huandikisha zaidi ya watu 100,000 waliochomwa na nge kila mwaka. Na huko huko São Paulo, Taasisi ya Butantan huwafuga nge na kuwakama sumu ili itengenezwe dawa. Hao wamefuga kwa haja ya watu.

Kijana wetu amefuga kwa starehe. Starehe si haramu, bali hatari ya hii haikai chumbani mwake peke yake. Jirani wa ghorofa ya chini ana mtoto atambaaye, na hakuna aliyemtaka shauri. Uingereza, kwa mfano, sheria ya wanyama hatari ya mwaka 1976, kama ilivyo sasa, yataka kibali kwa afugaye nge wa ukoo huu. Ni ajabu kwamba watu wa serikali wamkumbuke jirani, na sisi tuliousiwa juu yake tumsahau.

Kuna wanaosema awaue wote leo. Twasema: ruhusa ya kuua ni kwa madhara yatujiayo, na haya hayakumjia, ameyazaa yeye kwa mkono wake. Basi jike na dume awatenge, asiwapandishe tena, na ajue kwamba baadhi ya majike wa ukoo huu huzaa mara ya pili kwa mbegu ya kwanza. Wadogo asiwauze kwa posta kwa mtu asiyemjua, wala asiwaachilie nje. Awatunze sandukuni hata ajali yao. Ikiwa hawezi, na awaue kwa pigo moja moja lisilo mateso, afanye mwenyewe, asimwachie mwingine kazi hiyo.